UZI: Marchamont Nedham, mwandishi wa habari aliyehama kambi mara tatu na kila kambi ikampa kalamu

Mzee_Kasuku #1

Wakuu, salaam.

Juzi humu palikuwa na mada ya machawa, watu wakarushiana maneno kana kwamba kusifia kwa malipo kumeanza na simu janja. Nikasema ngoja niwaletee mhenga wa kazi hiyo. Nikiri mapema: nimekaa dawati la habari miaka tisa, kwa hiyo huyu bwana kwangu si mtu baki. Kuna siku namchukia, kuna siku namwonea wivu.

Anaitwa Marchamont Nedham. Mwingereza, kazaliwa Agosti 1620 mji mdogo wa Burford, Oxfordshire. Baba alifariki yeye akiwa bado mchanga. Mama alikuwa na nyumba ya wageni pale mjini, na mliokulia kwenye gesti mnajua: wasafiri wanashusha mizigo, wanashusha na maneno. Mtoto anasikia bei za London, vita vya Ulaya, nani kamkimbia mke. Baadaye mama akaolewa na kasisi wa hapohapo Burford, ambaye pia alikuwa mwalimu wa shule ya mji. Kijana akapata elimu. Akaingia Chuo cha All Souls, Oxford, akiimba kwaya, akamaliza shahada mwaka 1637 akiwa na miaka 17.

Akaenda London kuwa mwalimu msaidizi shule ya Merchant Taylors'. Ualimu wa chini zama hizo ulikuwa kama mnavyoujua zama hizi. Akauacha, akawa karani kwa wanasheria wa Gray's Inn. Hapo ndipo vita vilipomkuta.

Sasa mjue kwanza hali ya habari. Kwa miaka mingi Uingereza ilikuwa ni hatari kuchapisha habari za ndani ya nchi. Watu kama Nathaniel Butter na Nicholas Bourne walichapisha vijitabu vya habari, lakini za nje tu: vita vya Ujerumani, Waholanzi, Wahispania. Mfalme wako kafanya nini, kaa kimya. Mwaka 1641 Bunge likaivunja mahakama ya Star Chamber, ambayo ndiyo ilikuwa inawabana wachapishaji, na Novemba mwaka huohuo kikatoka kijitabu cha kwanza cha kila wiki chenye habari za bungeni. Agosti 1642 Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge wakaingia vitani. Bomba likapasuka.

Kila upande ukataka karatasi yake. Januari 1643 watu wa mfalme wakaanzisha Mercurius Aulicus kutoka Oxford. Mercurius ni yule mungu wa Warumi mpeleka ujumbe; jina hilo likawa la mtindo, kama zetu nyingi zinavyoitwa Mwananchi au Taifa. Kurasa nane, bei peni moja, mkononi mwa wauzaji wa barabarani. Wengi wa wauzaji hao walikuwa wanawake, nao wakaitwa kwa jina hilohilo la Mercury.

Aulicus ilikuwa inawachana watu wa Bunge kwa dharau ya kisomi. Bunge likahitaji mtu wa kujibu. Agosti 1643 ikatoka Mercurius Britanicus, chini ya Kapteni Thomas Audley, na pembeni yake kijana wa miaka 23 kutoka gesti ya Burford.

Nakuja.

NdimuMbichi #2

Nimetandika mkeka hapa. Mwaga nondo mkuu.

Kiroboto #3

Mzee unatuletea Wazungu wa mwaka arobaini na saba wakati bei ya mafuta imepanda. Haya, ngoja tuone.

Mzee_Kasuku #4

Kiroboto, tulia, mambo ya bei yapo mbele, na ya chai pia.

Tuendelee. Nedham aligundua jambo ambalo wasomi wa Aulicus walidhani ni lao peke yao: msomaji anataka kucheka. Alichofanya ni kuichukua Aulicus ya wiki ile, anaipitia aya kwa aya, anaijibu kwa kebehi. Kama mnavyonukuu chapisho la mtu humu na kulichambua mstari kwa mstari mpaka mwenyewe anaomba mods wafunge uzi. Ndivyo hivyo, ila kwa risasi za kuchapia na wino.

Juni 1645 jeshi la Bunge likampiga mfalme Naseby, na katika mizigo iliyotekwa wakakuta barua zake za siri kwa mkewe, Malkia Henrietta Maria. Humo mfalme anapanga kuleta wanajeshi wa Kikatoliki kutoka Ireland na msaada kutoka nje, huku mchana anawaambia watu anaipenda amani. Bunge likazichapisha. Nedham akazigeuza chakula cha wiki kwa wiki: barua moja leo, maelezo yake pembeni, nyingine wiki ijayo. Ukitaka kujua uvujishaji wa nyaraka una umri gani, ndio huo.

Halafu akavuka mstari. Tarehe 4 Agosti 1645 Britanicus ikatoka na kitu chenye sura ya tangazo la kupotelewa. Kwa maneno yangu: yeyote mwenye habari za mfalme mkaidi aliyelipotea Bunge lake miaka minne sasa, mwenye mikono ya damu na moyo uliojaa ahadi zilizovunjwa, atoe taarifa. Na kama alama hizo hazitoshi, ipo nyingine mdomoni: mwambie aseme, utamtambua mara moja.

Mfalme Charles alikuwa na kigugumizi.

Hapo hata Bunge lililokuwa likipigana naye likashtuka. Bunge la Malodi likawaka. Audley, aliyekuwa ameipitisha kwa idhini, akatupwa ndani. Nedham akaitwa, akakemewa, akaomba radhi. Radhi yenyewe ilidumu chini ya mwaka. Mei 1646 akamshambulia tena mfalme, safari hii wakamweka gereza la Fleet kama wiki mbili, akatoka kwa dhamana ya pauni 200 na sharti la kutoandika bila ruhusa.

Britanicus ikafa. Yeye akaanza kutibu watu. Ndiyo, udaktari. Enzi hizo ulikuwa unaweza.

mama_wawili #5

Hilo la kigugumizi limenikera. Mchane mtu kwa aliyoyatenda, si kwa alivyozaliwa. Mwanangu wa pili ana kigugumizi, najua watoto wa mtaani wanavyofanya.

Mzee_Kasuku #6

Dada, uko sahihi, na sitamtetea. Alijua kinachouza. Nilipokuwa kazini niliona vichwa vya habari vya aina hiyo vikipita mezani na watu wakicheka. Nami nilicheka.

Sasa shikeni viti. Mwaka 1647, yule yule aliyemtangaza mfalme kama ng'ombe aliyepotea, alipelekwa Hampton Court ambako mfalme alikuwa amewekwa chini ya ulinzi. Akapiga magoti, akabusu mkono wake, akasamehewa. Septemba mwaka huo ikatoka karatasi mpya, Mercurius Pragmaticus, ya kumtetea mfalme na kulitukana Bunge. Mwandishi: Nedham.

Kiroboto #7

😂😂😂 KAUNGA MKONO JUHUDI

Bwana_Shamba #8

Kiroboto umeniua. Mkuu, hapa alilipwa au alibadilika kweli?

Mzee_Kasuku #9

Swali hilo watu wanaliuliza mpaka leo, nami nina maoni yangu, nitayatoa. Ila angalieni mazingira: mwaka 1647 kuandika upande wa mfalme hakukuwa ulaji. London ilikuwa mikononi mwa Bunge. Pragmaticus ilichapwa mafichoni, mitambo inahamishwa, askari wanaisaka, wauzaji wanakamatwa. Kila toleo lilifunguliwa na beti nne za shairi la kejeli, halafu habari za ndani kabisa za Bunge, za kiasi kwamba wabunge walikuwa wanatazamana nani kavujisha. Ikapendwa mpaka watu wakaanza kutoa Pragmaticus feki kwa jina hilohilo. Ukiona kanjanja anaiba jina la gazeti lako, ujue unasomwa.

Januari 30, 1649 mfalme akakatwa kichwa. Juni Nedham akakamatwa, akatiwa Newgate, gereza ambalo watu walikuwa wanafia humo kwa homa kabla ya hukumu. Agosti akatoroka. Wakamrudisha mkononi, na kufikia Novemba akawa ameapa kuwa mwaminifu kwa Jamhuri isiyo na mfalme wala Malodi. Akatoka.

Mei 1650 akatoa kitabu cha kuitetea serikali mpya. Mwanzoni kabisa anamwambia msomaji, kwa maana yake: huenda hukubaliani na niliyoyaandika, hata mimi kwa muda sikukubaliana nayo, mpaka sababu fulani ziliponifanya nitazame upya. "Sababu fulani" ni Newgate, wakuu. Nampenda hapo. Wahamaji wengi hutuambia wameoteshwa.

Baraza la Taifa likampa zawadi ya pauni 50 na posho ya pauni 100 kwa mwaka. Bwana_Shamba, jibu la swali lako la malipo ndilo hilo, ila ni la kuhama kwa pili, si kwa kwanza.

Bwana_Shamba #10

Kwa hiyo kuhama kwa kwanza kulimtia hatarini na kwa pili kulimtoa hatarini. Inachanganya.

Mzee_Kasuku #11

Ndiyo maana sikumwita chawa kwenye kichwa cha uzi.

Juni 1650 ndipo ilipoanza kazi kubwa ya maisha yake, Mercurius Politicus. Ilitoka kila wiki karibu miaka kumi, hadi Aprili 1660. Andiko lake la kuomba kazi hiyo lipo. Anaiambia serikali kwamba shabaha ni kuwaondolea watu udanganyifu, na kwamba lazima liandikwe kwa mzaha, la sivyo wauzaji hawatalipigia kelele mitaani. Ukweli ambao watu wanaupita ukiwa umevaa suti, anasema, wataupokea ukija na ngoma. Nimewahi kukaa vikao virefu vya mkakati wa mitandao ambavyo havikufika hapo.

Na toleo la kwanza linafungua kwa kuuliza: kwa nini Jamhuri nayo isiwe na mchekeshaji wake, kama mfalme alivyokuwa naye?

Ila Politicus haikubaki ya vichekesho. Ilipofika 1651 na 1652 ikawa na tahariri ndefu kuhusu Roma ya kale, uhuru wa raia, hatari ya madaraka kukaa mkono mmoja. Aliyekuwa akiipitisha kwa muda kuanzia 1651 ni John Milton, mshairi, yule aliyeandika Areopagitica mwaka 1644 kupinga vitabu kuombewa idhini kabla ya kuchapwa. Mkae na hilo: mpinzani wa idhini kawa mtoa idhini. Walikuwa marafiki wakubwa yeye na Nedham.

Habari za nje zilikuwa nzuri kuliko za karatasi nyingine yoyote, kwa sababu ya John Thurloe, katibu wa Oliver Cromwell, yule jenerali wa Bunge aliyekuja kuitawala nchi. Thurloe alikuwa na majasusi na waandikaji barua Ulaya nzima na baadaye akashika na posta. Barua inafunguliwa, inasomwa, kinachofaa kinakwenda kwa Nedham. Mwaka 1655 serikali ikazifunga karatasi nyingine zote. Zikabaki mbili: Politicus ya Alhamisi na Publick Intelligencer ya Jumatatu. Zote zake.

Hapo ndipo wivu wangu unapoisha. Mtu aliyekulia katika ugomvi wa karatasi kumi kwa wiki moja, sasa anaandika peke yake, na kejeli imemwisha. Matoleo ya 1656, 1657 ni makavu. Hana wa kumjibu.

NdimuMbichi #12

Mkuu uliahidi chai.

Mzee_Kasuku #13

Haya, chai.

Nedham aliona mapema kwamba karatasi ya habari inaweza kulishwa na matangazo. Mei 1657 akaanzisha Publick Adviser, ya matangazo matupu: nyumba za kupanga, meli zinazoondoka, waganga, watumishi. Haikumaliza mwaka. Lakini humo mna tangazo la kahawa, inauzwa Bartholomew Lane nyuma ya Soko la Zamani (Old Exchange), asubuhi na tena alasiri saa tisa. Na inatibu: tumbo, macho, kikohozi, mafua, kifua kikuu, kichwa, jongo. Mliopanda mabasi ya mkoani mkakutana na yule kijana anayesimama katikati na chupa ya dawa, huyo hapo.

Septemba 1658, mwezi aliokufa Cromwell, Politicus ikatangaza kinywaji cha China kilichoidhinishwa na matabibu wote, ambacho Wachina wanakiita "Tcha" na mataifa mengine "Tay" au "Tee", kinauzwa kwenye nyumba ya kahawa iitwayo Sultaness Head karibu na Soko la Kifalme. Ndilo linalotajwa kuwa tangazo la kwanza la chai katika gazeti la London. Hiyo Tcha ndiyo mzizi wa chai yetu, ila sisi ilitufikia kwa njia ya Waajemi na Wahindi, wao wakaishia na lile la pili.

mama_wawili #14

Nasoma hii nina kikombe mkononi. Endelea.

Kalamu_Butu #15

Nimekuwa nasoma kimya, sasa naomba nimpinge mleta uzi kidogo. Unasema mwaka 1656 alikuwa mkavu. Mbona hukutaja kwamba mwaka huohuo zile tahariri za 1651 na 1652 zilitoka tena kama kitabu, The Excellencie of a Free State, bila jina la mwandishi? Hoja yake ni kwamba walinzi bora wa uhuru wa watu ni watu wenyewe, na kwamba madaraka yasikae mkono mmoja muda mrefu. Yanasemwa hayo wakati Cromwell ndiye Mlinzi Mkuu, ana jumba la kifalme, na yeye Nedham anakula mshahara wa serikali hiyohiyo. Chawa gani huyo anamng'ata mwenye kichwa?

Mzee_Kasuku #16

Kalamu_Butu, nilikuwa naisubiri hii, nilitaka nione kama kuna mtu ataileta.

Nakubali, tena naongeza. Kitabu hicho ndicho kilichoishi kumzidi yeye. Kilichapwa tena London mwaka 1767. John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani, alitumia kurasa nyingi kukijadili mwaka 1787 katika utetezi wake wa katiba za Marekani, akimpinga Nedham hoja kwa hoja, kwa mtindo uleule Nedham aliomfanyia Aulicus. Mwaka 1790, Ufaransa ikiwa ndani ya mapinduzi, kikatafsiriwa Kifaransa. Mtu aliyefikiriwa ni kalamu ya kukodi akasomwa na waliokuwa wanajenga jamhuri za kweli, miaka zaidi ya 100 baada ya kufa.

Maoni yangu, sasa nayatoa. Mwaka 1659 aliandika kijitabu kiitwacho Interest Will Not Lie, yaani maslahi hayadanganyi. Humo anapita kundi moja moja, Wakatoliki, Wapresbiteri, jeshi, wenyeji wa London, akiwaonyesha kila mmoja atakavyoumia ufalme ukirudi. Hamwambii mtu apende au achukie. Anamfungulia daftari la hesabu. Nadhani ndivyo alivyojitazama na mwenyewe: hakuamini kiapo cha mtu yeyote, kikiwemo chake. Alichokiamini ni kwamba watu wakijua wanachopata na wanachopoteza, hawataburuzwa. Sasa mtu wa hivyo unaweza kumwajiri, lakini humpati.

Kalamu_Butu #17

Sikubaliani na nusu ya pili. Mwenye hesabu safi hasahau kujihesabu: wangapi walikwenda jela kwa kusoma alichokiandika juzi? Lakini haya, mfalme alirudi. Ilikuwaje?

Mzee_Kasuku #18

Aprili 1660 akafukuzwa, nafasi yake akapewa Henry Muddiman. Maadui wakatoa kijitabu A Rope for Pol, yaani kamba ya kumnyongea Politicus, wamekusanya humo matusi yake yote dhidi ya ukoo wa kifalme. Skrinshoti, wakuu. Toleo kwa toleo.

Akavukia Uholanzi. Mei 29 Charles wa Pili, mwana wa yule aliyekatwa kichwa, akaingia London. Milton alifungwa, vitabu vyake vikachomwa. Januari 1661 Cromwell alifukuliwa kaburini akatundikwa Tyburn, uwanja wa kunyongea wahalifu. Nedham? Alikuwa amesharudi, na msamaha wenye muhuri mkubwa wa serikali. Watu wa zama zake walisema aliununua kwa mtu wa ikulu aliyekuwa na njaa. Na mwaka 1661 akazikusanya zile beti zake za Pragmaticus za kumtetea mfalme aliyekatwa kichwa, akazitoa upya kama kitabu. Kumbe alikuwa amezitunza.

Kiroboto #19

Huyu mzee tungemweka humu angekuwa na akaunti tatu zinazobishana zenyewe kwa zenyewe.

Mzee_Kasuku #20

Nadhani angekuwa na nne.

Akarudi kwenye udaktari. Mwaka 1665, mwaka wa tauni kubwa London, alitoa Medela Medicinae, kitabu cha kulishambulia Baraza la Matabibu na dawa zao za kurithi kwa Galen, tabibu wa zama za Warumi. Alikuwa upande wa wale wa dawa za kikemia, na alizungumzia vijidudu visivyoonekana kwa macho kuwa chanzo cha magonjwa. Wenye taaluma wakamjibu kwa hasira, akawa amerudi nyumbani: ugomvi wa kuchapishwa.

Mwaka 1676 serikali ya Charles wa Pili, kupitia Lodi Danby, ikamtafuta mzee wa miaka 56 amshambulie Shaftesbury, kiongozi wa wapinzani, na watu wake. Akaandika. Kalamu ilikuwa bado kali, wanasema waliosoma.

Akafa ghafla Novemba 1678, Devereux Court, karibu na Temple Bar.

Bwana_Shamba #21

Kaburi lake lipo? Nauliza kwa sababu kuna mdogo wangu yuko huko.

Mzee_Kasuku #22

Alizikwa kanisa la St Clement Danes, barabara ya Strand, tarehe 29 Novemba. Miaka michache baadaye kanisa likabomolewa, Christopher Wren akalijenga upya, likakamilika 1682, maandishi ya kaburi yakapotea humo. Halafu Mei 1941 ndege za Wajerumani zikalipiga bomu likaungua ndani lote. Likakarabatiwa, sasa ni kanisa la jeshi la anga. Mdogo wako akiingia ataona nembo nyingi sana za vikosi vya anga sakafuni, na majina ya waliokufa kwenye vitabu vya kumbukumbu. La Nedham halimo.

SautiyaPwani #23

Niko London mwaka wa sita. Basi langu la kwenda kazini linapita pembeni ya kanisa hilo kila siku saa kumi na mbili asubuhi, na sikuwahi kuuliza ni la nani. Mzee_Kasuku, huyo Henry Muddiman aliyechukua nafasi yake, naye ana uzi?

Mzee_Kasuku #24

Anao. Wiki ijayo, nikipata nafasi.